Plau Nililolichagua Mikumi

Kimamba, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mwanaidi,

Umeenda Mabwerebwere kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule mara mbili na ufungiwe cha njiani. Kwa hiyo nina saa tatu, pengine nne, za kukaa hapa mezani peke yangu. Nimeufunga mlango wa mbele ili majirani wasifikiri nimekaa kusubiri mazungumzo. Nyumba imenyamaza jinsi itakavyonyamaza kuanzia kesho. Nimeionja hali hiyo kidogo tu na sijaipenda.

Sitakuandikia habari za sabuni, chandarua, wala nani wa kumwamini ukishuka Mikumi kungoja basi la kwenda nyanda za juu. Hayo mama yako Eliza alikufundisha kabla hajatuacha, na unayajua kuliko mimi ninayesahau kofia yangu kila nyumba ninayoingia. Mimi nataka kukuandikia habari za plau. Najua utacheka. Utasema mzee ameanza, mtu anakwenda chuo cha kilimo naye anamfundisha plau kwenye karatasi. Cheka tu, lakini usiache kusoma.

Jumanne tulipokuwa tunachambua maharage nilikuuliza kwa nini umeomba kusomea zana za kilimo, wakati wenzako wanakimbilia ualimu na ukarani. Ukasema, "Nataka nilijue trekta vizuri, baba, nisije nikawa na pupa kama baba Issa." Ulilisema kawaida, kama mtu anayesema mvua itachelewa, ukatupa kijiwe nje ukaendelea na maharage yako. Mimi niliinuka nikaenda kuangalia kuku. Kuku hawakuwa na shida yoyote. Niliwahesabu mara mbili ndipo nikarudi kwenye maharage.

Baba yako mzazi, Issa Maganga, hakuwa na pupa. Hilo ndilo neno lote la barua hii, na ningeweza kuishia hapa. Lakini ukilijua hilo utataka kuyajua na yaliyobaki, na mimi nikikutazama usoni sitakuwa na mdomo wa kuyasema. Miaka kumi na minne nimejaribu. Kwa hiyo naandika.

Ulikuwa na miaka minne. Uhuru ulikuwa bado mpya kiasi kwamba watu walikuwa wanalitamka neno lenyewe kwa sauti ya juu hata wakiwa wawili jikoni. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa havijafika kwetu, lakini hapa Kimamba tulikuwa tayari na shamba la pamoja, kaya ishirini na kitu, kwenye ardhi iliyoachwa na mashamba ya mkonge. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Lumuma na cheti changu cha shule ya misheni, kijana pekee pale aliyeweza kuandika barua wilayani ikajibiwa. Wakanifanya katibu. Kichwa kikavimba, sikufichi. Nilikuwa natembea na kalamu mfukoni hata nikienda kuoga mtoni.

Issa alizaliwa kambini, hapahapa. Baba yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge akafia kwenye mkonge. Issa aliendesha matrekta ya shamba lile tangu ana ndevu mbili kidevuni, na injini ikikohoa alikuwa anaijua inaumwa nini kabla hajashuka kitini. Kusoma hakujua. Yeye Mnyamwezi, mimi Msagara, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaulizana majina. Asubuhi akinikuta njiani alikuwa haanzi na salamu. "Mtu wa mlimani! Leo umelima bila kujifunga kamba kwenye mti?" Nami namjibu, "Mpagazi, shingo ya babu yako imeshatoka kifuani?" Ndipo tunasalimiana. Mama yako mzazi alikuwa amefariki siku ulipozaliwa, na Issa alikuwa anakulea pamoja na bibi yako, mama yake mzazi. Jioni alikuwa anakubeba mabegani mpaka kwetu, anakuweka juu ya meza hii ninayoandikia, anamwambia Eliza, "Shemeji, mlishe huyu, mimi nimlishe mumeo akili."

Hakuna aliyewahi kunichekesha kama yeye. Tangu amekufa sijapata rafiki mwingine wa namna ile, na sikumtafuta.

Sasa plau. Kulikuwa na mzungu mmoja upande wa Mikumi aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Alikuwa na trekta dogo, kuukuu, la rangi ya kijivu, na wilaya ikapanga lije kwetu pamoja na plau moja. Maplau alikuwa nayo mawili. Sisi tungechagua, na wenzetu wa kijiji kingine wangechukua litakalobaki. Kikao kikatutuma watu wawili, katibu na dereva. Tulipanda lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia, tukataniana njia nzima mpaka utingo akatuomba tumhurumie mbavu zake.

Yale maplau yalikuwa bandani. Moja lilikuwa la sahani, sahani mbili kubwa za chuma zilizosimama mshazari, zimepata kutu, na mavi ya kuku juu yake. Jingine lilikuwa la bapa: ncha kali ya kuchimba, na juu yake bapa la chuma lililopinda, la kuushika udongo na kuupindua. Hilo lilikuwa linang'aa. Lilifanana kabisa na lile lililokuwa likikokotwa na maksai kwenye shamba la shule yetu ya misheni, na kwenye picha ya kitabu chetu cha kilimo. Nilipoliona nilihisi nimekutana na mtu wa kwetu.

Mzungu akatufungia lile la bapa kwenye trekta tukalijaribu kwenye bustani yake, kando ya kijito. Mwanangu, lilipita mle bila kelele. Udongo ulilala ubavu, mweusi, mfuo umenyooka, na harufu yake ikanirudisha Lumuma nikiwa na kaptula. Nikasema moyoni, tumemaliza.

Issa alikuwa amechuchumaa bandani, anagonga zile sahani kwa kifundo cha kidole.

"Katibu, tuchukue hili la sahani."

"Lina kutu."

"Kutu inatoka. Sikiliza. Kwetu kule chini kuna mkonge. Sahani ikikuta kisiki inapanda juu yake, inashukia upande wa pili. Hilo lako likikuta kisiki linauma. Haliachii. Na hiki kitrekta chenyewe kidogo, mbele hakina uzito. Kitanyanyua pua."

"Mkonge si uling'olewa?"

"Uling'olewa majani, ndugu yangu. Vichwa viko chini. Mimi nilikuwepo."

"Wewe Mnyamwezi unaogopa plau la watu waliosoma."

Akacheka. Mtani akitaniwa hana budi kucheka. Akasema, "Haya, mtu wa mlimani. Lakini likinipindua, ugali wa matanga utausonga wewe." Tukacheka wote, na mzungu akacheka bila kujua tunachekea nini, na mimi nikatia sahihi ya lile la bapa.

Nimeirudia siku ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukueleza. Issa aliniambia kila kitu nilichohitaji kujua, kwa maneno ya kawaida, mara mbili. Lakini alimalizia kwa utani, na mimi nikayachukua yote kuwa utani, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyonifaa. Laiti angekuwa na cheti kama changu, ningemwambia tukae tuzungumze. Na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu yeyote: nilitaka kitu kinachong'aa kishuke kwenye lori mbele ya watu. Kilishuka kweli. Kina mama walipiga vigelegele. Walipigia vigelegele kosa langu, nami nimesimama pembeni na kalamu yangu mfukoni.

Wewe utakuwa bibi shamba. Watakuletea vitu viwili uchague, au watu ishirini wenye shamba wataletewa, na wewe ndiye utakayeangaliwa. Mimi sina la kukufundisha juu ya vyuma, watakufundisha huko. Ninachojua ni kwamba tulilijaribu plau kwenye udongo ambao hatukuwa tunakwenda kuulima. Ule ulikuwa udongo wa mtu mwingine, aliyeutunza miaka, hauna kisiki wala jiwe. Kila kitu kinalima vizuri kwenye bustani ya anayekitoa. Wa kwetu sikuuliza, na mtu aliyeujua nilikuwa naye ameketi karibu yangu juu ya gunia.

Wiki ya kwanza tulilima upande wa mtoni, palipo laini, na nikatembea kifua mbele. Wiki ya pili tukaingia kwenye mkonge wa zamani. Hapo plau lilianza kuuma, kama alivyosema. Hatua kumi, linanasa. Watu wanakuja na majembe, wanachimbua kisiki, linasogea, linanasa tena. Pua ya trekta ikawa inanyanyuka kidogo, inarudi chini kwa kishindo. Issa alijaza mchanga kwenye magunia akayafunga mbele ili kuongeza uzito. Mara tatu alinifuata ofisini, yaani chini ya lile paa la makuti, akaniambia twende kwa wenzetu wa kijiji kingine tukabadilishane, wao wana ardhi laini, watafurahi. Mara zote tatu nilisema baadaye. Kubadilishana kulitaka nisimame kwenye kikao niseme nilichagua vibaya na dereva asiyejua kusoma alichagua vizuri.

Kisha ikaja habari kwamba wakubwa wa wilaya watakuja kulitazama shamba. Tulikuwa hatujafika hata nusu.

Ilikuwa asubuhi, siku moja kabla ya ugeni. Watu walikuwa wamekwenda mtoni kunywa uji. Tumebaki wawili. Plau lilikuwa limenasa chini ya kisiki kikubwa, limezama, na Issa ameshachukua jembe kuanza kuchimbua. Mimi niliona jua linapanda tu. Nikasema, kuchimba kutatuchukua mpaka adhuhuri, tulivute kwa nguvu ya injini. Nikaufungua mnyororo wa kuvutia plau pale chini, nyuma ya trekta, anapoufunga yeye siku zote, nikaupandisha, nikaufunga juu, karibu na kiti, nikifikiri ukivuta kutoka juu utalinyanyua plau litoke. Niliufunga kwa mikono yangu mwenyewe. Grisi ilinifika viwikoni.

Issa akasema, "Juu hapana, Danieli. Ukifunga juu, kitakachonyanyuka ni trekta."

Nikamwambia, "Panda."

"Ngoja wenzetu warudi, dakika kumi tu. Tutachimba."

Nikamwambia, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema, "Au unataka niwaandikie wilayani kwamba dereva wetu amegoma?"

Alinitazama kidogo. Hakukasirika. Nadhani alikuwa anangoja nicheke, maana katika miaka yetu yote sikuwahi kumwambia neno kali bila kulimalizia kwa mzaha. Sikucheka. Alipoona kwamba mtani ameondoka na amebaki katibu, alifuta mikono kwenye suruali, akapanda.

Ilichukua muda mfupi kuliko kusoma mstari huu. Magurudumu ya nyuma yalishika, plau halikutoka, pua ikapanda juu, na safari hii haikurudi. Trekta lilimwangukia chali. Nilimvuta bega, nikamwita mpaka watu waliposikia kule mtoni. Hakusema neno. Ningependa kukuambia kwamba aliniachia maneno juu yako, lakini hakuniachia, na sitaki kukudanganya tena.

Watu walipofika wakiwa wamebeba vibuyu vya uji, waliuliza nini kimetokea. Mnyororo waliuona ulipofungwa. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Alikuwa na haraka." Sikukipanga. Kilitoka, na kilipotoka nikakiacha.

Kama ungekufa hapo uongo huo, ungekuwa wa siku moja. Lakini mimi nilikuwa mtani wake. Siku ya tatu, matangani, wazee walianza kuuliza mtani yuko wapi, mbona msiba umepoa. Unajua desturi yetu, mtani hawezi kukaa kimya kwenye msiba wa mtani wake, lazima amcheze marehemu, amwigize, watu wacheke ndani ya kilio. Nilisimama. Ningeweza kumcheza alivyokuwa anakula, alivyokuwa anaimba kwa sauti mbaya, alivyokuwa anatembea na wewe mabegani. Nilikuwa na mambo mia. Nikachukua kigoda, nikakikalia kama kiti cha trekta, nikaunguruma kwa mdomo, nikajifanya mtu asiyeweza kusubiri, "Twende twende twende!", nikaanguka nacho chali. Watu walicheka mpaka wakashikana. Bibi yako alicheka, machozi yanamtiririka. Nilifanya hivyo ili wote waamini, Mwanaidi, kwa sababu jana yake mzee mmoja alikuwa ameniuliza kwa nini dereva mzoefu vile afunge mnyororo juu. Baada ya kigoda hakuna aliyeuliza tena.

Taarifa niliyoiandika wilayani ilisema hivyohivyo, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuifungua. Mchezo ndio uliobaki. Watoto waliuiga barabarani. Ukija msimu wa kulima, mtu akikimbiza kazi anaambiwa, "Polepole, usitufanyie ya Issa." Umeusikia usemi huo tangu utotoni. Ulianzia kwangu, kwenye kigoda, mbele ya mama yake.

Msimu uliofuata nilikwenda kwa wale wenzetu, nikabadilisha plau. Walikubali haraka, wakafurahi kama alivyosema. Tukapata dereva mwingine, nami nikatembea nyuma ya lile la sahani kwenye ardhi ileile. Lilipokuta kisiki lilipanda juu yake, likashukia upande wa pili. Kisiki cha pili, vilevile. Nilitembea nyuma yake siku nzima nikilia, na watu wakasema katibu analia kwa furaha ya kazi.

Bibi yako alipofariki mwaka ule, tukakuchukua. Mimi na Eliza hatukujaliwa. Nilikuacha kwenye dini ya baba yako, nikawa nakupeleka madrasa mwenyewe, nakungoja nje chini ya ukuta na Biblia yangu kwapani, na watu walinisifu sana. Wakasema, tazameni mtani huyo, amelea mtoto wa mwenziwe. Kila waliposema hivyo nilikuwa natamani ardhi inimeze, na bado nilikuwa naitikia asante. Usidhani nilikulea kwa sababu ya deni la moyo peke yake. Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Kisha ukaota jino lile lililopinda, ukaanza kunificha kofia, na nikasahau kabisa kwamba nilikuwa nimekuchukua kwa sababu nyingine yoyote.

Ulipokuwa na miaka kumi ulirudi kutoka shule umechaniwa kola. Ulikuwa umepigana. Ukanikuta nanoa panga, ukasimama mbele yangu, ukauliza, "Baba, ni kweli baba Issa alikufa kwa pupa yake?" Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote. Ulikuwa mdogo, ungelia, ungelala, tungeanza upya. Nikakujibu, "Kila mtu hukosea, mwanangu." Ukasema, "Basi nimemsamehe." Halafu ukanishukuru. Ulinishukuru mimi.

Mama yako Eliza alijua. Sikumwambia. Mwezi ule wa mwisho, nilipokuwa namgeuza kitandani, aliniambia kwa sauti yake ileile ya kuniuliza kama nimefunga mlango, "Ile grisi ilikuwa mpaka viwikoni kwenye shati lako, Danieli. Aliyeendesha siye aliyefunga mnyororo." Alilifua shati lile siku ya ajali. Alikaa nalo miaka yote hiyo akinisubiri niseme mwenyewe. Akasema, "Mwambie mtoto kabla hajatoka humu ndani. Akitoka hajui, utakuwa umemfukuza na huku umemfungia." Nikamwahidi. Imepita miaka miwili.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nimekuwa nikijiambia ni kwa ajili yako, usije ukakua na uchungu. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu ya nyumba hii. Wakati wa kuhamia vijijini majirani zangu wa zamani walipelekwa huku na kule, ndugu zangu wako Lumuma na wamezoea kuishi bila mimi, Eliza ameondoka, na kwenye dunia hii amebaki mtu mmoja anayeniuliza kama nimekula. Niliogopa kumpoteza. Mimi mzee wa miaka yote hii, naogopa sufuria ya ugali wa mtu mmoja. Naogopa kesho jioni. Hofu hiyo si sababu nzuri, lakini ndiyo niliyo nayo, na baba yako amebaki na sifa mbaya ili mimi nisile peke yangu.

Jumapili kuna mkutano wa kijiji. Nitasimama, nitawaeleza nani alichagua plau, nani alifunga mnyororo, na nani alisema tungoje dakika kumi. Wengi waliocheka siku ile wamekufa au wamehamishwa, lakini wapo wa kutosha. Shangazi yako ni dada yake Issa wa tumbo moja, kwa hiyo nitamwendea kwake Mabwerebwere kabla ya hapo, nimwambie ana kwa ana. Kama atanifukuza, atakuwa na haki. Sikutaka wewe uyasikie haya ukiwa huko mbali kutoka kwa mtu wa basi.

Asubuhi nilipanga barua hii nikiimaliza niifiche ndani ya sanduku lako, katikati ya kanga, uikute ukishafika. Nilikuwa nimeshalifungua. Kisha nikaona ninachofanya: ninakupandisha mahali halafu mimi nasimama pembeni. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia. Nitakuwa nje kwenye benchi. Soma yote, usiniite katikati. Ukimaliza, kama hutaki kuniona, toka kwa mlango wa nyuma urudi kwa shangazi yako, kesho nitamwomba jirani akupelekee sanduku mpaka kwenye lori la Mikumi. Sitakufuata, na nauli yako ya safari iko kwenye bahasha ya pili, ni yako vyovyote vile. Ukiwa na la kuniuliza, niulize, na safari hii nitajibu nilichoulizwa.

Nenda ukasome trekta, Mwanaidi. Si kwa kuogopa kufanana na baba yako. Nakuombea ufanane naye kwa kila kitu.

Nasikia lango. Ni hatua zako, hukukawia kama nilivyodhani. Barua kama hii mtu huimalizia kwa kuandika "baba yako". Kabla hujafika nilikuwa nimeishika kalamu muda mrefu juu ya mahali hapo, na sikuyaandika maneno hayo. Baba yako ni Issa Maganga, aliyesema tungoje. Mimi nimeweka jina langu tu, na utakaponikuta nje pale kwenye benchi, utakavyoniita ndivyo nitakavyoitika.

Danieli Chibago